Kupasua jiwe maabara: baruti, umeme, nondo za Hopkinson au unga wa kupasulia?

Anayetaka kuchunguza jinsi baruti inavyopasua mwamba hukimbilia kuuliza baruti ataipata wapi. Swali hilo lisubiri. Kwanza amua unachunguza nusu ipi ya mlipuko, kwa sababu ndani ya tundu moja zinafanyika kazi mbili, na kati ya njia nne tunazolinganisha hapa ni moja tu inayozibeba zote mbili. Hiyo moja nayo ndiyo inayokuficha zaidi sababu ya kilichotokea.

Kazi ya kwanza ni ya wimbi. Shinikizo ndani ya tundu linapanda kwa mikrosekunde chache na kupita uimara wa jiwe kwa mbali sana. Jiwe lililogusana na baruti linasagika likawa unga. Nje ya unga huo wimbi la mkazo linaendelea na safari, likisukuma jiwe mbele yake na papo hapo kulitanua kwa mzunguko, kama pete inayolazimishwa kwenye kidole kinene. Hapo ndipo jiwe linaposhindwa. Graniti nzuri inabeba megapaskali (MPa, kipimo cha mkazo na shinikizo) 150 hadi 250 ikigandamizwa, lakini ikivutwa inaachia kwa MPa 7 hadi 15 tu. Nyufa zinachomoza kutoka kwenye tundu kama spoku za baiskeli. Wimbi likifika kwenye uso huru wa jiwe, yaani unaopakana na hewa, linageuka, linarudi likiwa mkazo wa kuvuta, na pengine linabandua gamba la jiwe upande wa nje.

Kazi ya pili ni ya gesi. Inakuja nyuma ya wimbi, inajipenyeza kwenye nyufa zilizokwisha kufunguka na kuzitanua kama kabari. Mwaka 1971 watafiti Kutter na Fairhurst walizitenganisha kazi hizi kwa makusudi: wimbi walilitengeneza kwa cheche ya umeme ndani ya maji, na sehemu ya gesi wakaiiga kwa shinikizo la taratibu ndani ya tundu. Walichokionyesha ni kwamba wimbi huanzisha nyufa, na gesi huzirefusha. Tangu hapo swali la kujiuliza kabla ya kununua kifaa chochote ni lilelile: nachunguza wimbi, gesi, au matokeo ya mwisho?

Njia nne kwa mtazamo mmoja

| Njia | Muda wa kupakia mzigo | Inaiga wimbi? | Inaiga gesi? | Kurudia jaribio |
|---|---|---|---|---|
| Baruti kidogo ndani ya sampuli | mikrosekunde | ndiyo | ndiyo, isipozuiwa | kugumu |
| Waya unaolipuliwa kwa umeme | mikrosekunde | ndiyo | karibu hapana | rahisi |
| Nondo za Hopkinson | mikrosekunde 50 hadi 200 | kwa sehemu | hapana | rahisi sana |
| Unga wa kupasulia | saa kadhaa | hapana | inakaribia, bila kupenya kwenye ufa | rahisi |

Safu ya muda ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu kasi ya mzigo inaamua idadi ya nyufa. Mzigo wa haraka unafungua nyufa nyingi fupi: kila kasoro ndogo ukutani mwa tundu inaanza kufunguka kabla jirani yake hajapata nafasi ya kuipunguzia mkazo. Mzigo wa polepole unafungua ufa mmoja dhaifu kuliko yote, huo unapunguza mkazo kwa wenzake, na mwishowe unabaki na nyufa mbili, tatu au nne ndefu. Ukiletewa bonge lililopasuka bila maelezo, hesabu nyufa zilizo karibu na tundu. Idadi yao inakupa fununu nzuri ya jinsi lilivyopakiwa.

Baruti halisi

Faida yake ni moja na ni kubwa: ndiyo kitu chenyewe. Hasara ni nyingi. Kila sampuli inatumika mara moja, sensa zilizo karibu zinaharibika, na wimbi na gesi vinakuja pamoja hivi kwamba hujui kipi kilifanya nini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto waliofanya kazi na graniti za Barre na Laurentian walilitatua hili kwa kuvisha tundu mrija mwembamba wa shaba nyekundu. Wimbi linapita kwenye ukuta wa mrija, gesi inabaki ndani, na nyufa zote zinazoonekana zinakuwa za wimbi peke yake. Kwa anayetumia baruti, huu ndio uamuzi wa kwanza wa kubuni jaribio: na mrija au bila mrija. Fanya yote mawili kwenye mawe ya bonge moja, na tofauti ya urefu wa nyufa ndiyo mchango wa gesi.

Kwa upande wa sheria hakuna njia ya mkato. Tanzania na Kenya zote zinataka kibali cha kununua, kuhifadhi, kusafirisha na kutumia baruti, na anayelipua awe blasta mwenye leseni. Kiasi kinachotumika maabara ni kidogo mno, mara nyingi hakifiki gramu moja kwa sampuli, lakini udogo huo hauondoi sharti hata moja. Kuchanganya kitu chako mwenyewe si njia ya utafiti: mbali na hatari kwa uhai, hujui nguvu yake, kwa hiyo huna kipimo cha kuandika. Chuo kisicho na chumba cha kulipulia kifanye jaribio hilo kwenye machimbo yenye kibali, au kichague mojawapo ya njia tatu zinazofuata.

Waya unaolipuliwa kwa umeme

Kapasita inachajiwa, kisha inaachiwa ghafla kupitia waya mwembamba wa shaba nyekundu uliozamishwa kwenye maji ndani ya tundu. Waya unageuka mvuke, maji yanabeba wimbi hadi ukutani. Nishati inajulikana kabla ya kubonyeza swichi: kapasita ya mikrofaradi 10 kwa volti 10,000 inabeba jouli 500. Ukitaka robo yake, shusha volti hadi 5,000. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokupa usukani wa namna hiyo, na kwa swali la wimbi tupu ndiyo tungeipa nafasi ya kwanza.

Si jouli zote zinazofika kwenye jiwe, kwa hiyo usiandike 500 kama nishati ya kupasua. Pima mkondo na volti wakati wa mlipuko uone kiasi kilichoingia kwenye waya. Tatizo linalosumbua zaidi ni kelele za umeme: mara swichi inapofunga, streni geji zote (vibandiko vinavyopima jinsi jiwe linavyovutika au kubanwa) zinaruka na kuonyesha mwiba mkubwa ambao mtu asiyezoea huusoma kama wimbi. Wimbi halisi haliwezi kufika kabla ya muda wake. Ikiwa geji iko milimita 100 kutoka kwenye tundu na jiwe linapitisha mita 5,000 kwa sekunde, chochote kinachoonekana kabla ya mikrosekunde 20 ni kelele. Na kapasita iliyokwisha kutumika bado inaweza kuua. Iwe na kipingamizi cha kuinyonya chaji muda wote, na fimbo ya kutulizia iliyounganishwa ardhini iguswe kwenye ncha kabla ya mkono wowote kusogea.

Nondo za Hopkinson

Bertram Hopkinson alianza na nondo moja mwaka 1914, na Kolsky akagawa nondo hiyo mbili mwaka 1949 na kuweka sampuli katikati. Kwa mwanafunzi anayehitaji namba za kuingiza kwenye kompyuta, yaani uimara wa jiwe chini ya mzigo wa ghafla, hiki ndicho kifaa.

Hesabu zake ni nyepesi na zinafaa kufanywa kabla ya kugusa bunduki ya hewa, ile inayorusha nondo fupi ya kugonga kwenye nondo ya kwanza. Chuma kinapitisha wimbi kwa takriban mita 5,100 kwa sekunde. Nondo ya kugonga yenye urefu wa milimita 300 inatoa wimbi la mikrosekunde 118 hivi, maana wimbi linakwenda na kurudi ndani yake. Kila mita moja kwa sekunde ya kasi ya kugonga inazalisha MPa 20 hivi ndani ya nondo, basi kugonga kwa mita 10 kwa sekunde kunakupa MPa 200. Sampuli ya graniti yenye kipenyo sawa na nondo inaweza kuhimili hapo bila kuvunjika, kwa kuwa jiwe linakuwa gumu zaidi mzigo unapokuja kwa kasi. Ongeza kasi, au punguza kipenyo cha sampuli.

Kosa kubwa ni kuvunja jiwe kabla mkazo haujalingana pande zote mbili. Sampuli ya milimita 50 inahitaji mikrosekunde 10 kwa wimbi kupita mara moja, na wimbi linapaswa kwenda na kurudi mara kadhaa. Mgongano wa chuma kwa chuma unapandisha mzigo ghafla mno. Upande mmoja unasagika na upande wa pili haujui lolote. Dawa yake ni kisahani kidogo cha shaba nyekundu laini kinachobandikwa kwa grisi mbele ya nondo ya kwanza. Kinabonyea kikigongwa na kupandisha mzigo kwa mteremko badala ya ngazi. Badilisha kisahani kila jaribio. Kilichobonyea hakitoi mteremko uleule. Kisha linganisha mawimbi: jumla ya lililoingia na lililorudi inapaswa kufanana na lililopita upande wa pili. Zikipishana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, usilihesabu jaribio hilo.

Nyuso za sampuli zisawazishwe hadi milimita 0.02, na zipakwe grisi kidogo zisishikwe na nondo. Anayekusudia kuchunguza vipande vilivyovunjika aweke pia kizuizi cha kuzuia nondo isigonge mara ya pili. Bila hicho, wimbi linalorudi linaponda tena vipande, na vipande utakavyovipima kwa ungo ni vya mapigo matatu au manne huku ukidhani ni vya pigo moja.

Kwa uimara wa kuvutwa tumia kisahani cha jiwe kinachobanwa kwenye ukingo, jaribio linaloitwa la Kibrazili. Lianze kwenye mashine ya kawaida ya kugandamiza ili upate namba ya kulinganishia. Kisahani cha kipenyo cha milimita 54 na unene wa 27, kikiwa cha graniti inayoachia kwa MPa 10, kitapasuka kwa kilonyutoni 23 hivi. Kwa kasi ya nyutoni 200 kwa sekunde, ambayo ndiyo pendekezo la ISRM, chama cha kimataifa cha mekanika ya miamba, hiyo ni karibu dakika mbili. Kwenye nondo za Hopkinson kisahani kilekile kinapasuka kwa chini ya mikrosekunde 100, na uimara unaosomeka huwa mara mbili, tatu au zaidi ya ule wa polepole. Mhandisi anayetumia namba ya dakika mbili kukadiria mlipuko anaukosa ukweli kwa kiasi hicho. Hakikisha tu kwamba ufa umeanzia katikati ya kisahani. Ukianzia kwenye ncha zinazobanwa, ulichopima ni kusagika.

Unga wa kupasulia

Huu ni unga wenye chokaa inayovimba ikichanganywa na maji. Wachongaji mawe na wavunjaji wa zege huutumia pale baruti isiporuhusiwa. Kwa maabara isiyo na fedha ndio mlango wa kuingilia, na tunausifu bila kusita, mradi usidai kwamba umeiga baruti. Unaiga shinikizo la polepole peke yake. Wala hauingii kwenye ufa kama gesi inavyoingia. Ukuta ukishafunguka, shinikizo linashuka.

Kipimo cha kawaida ni lita 1.5 za maji kwa mfuko wa kilo 5, yaani asilimia 30. Maji yakizidi, nguvu inapungua. Yakipungua, unga hauteremki kwenye tundu na unaacha mapovu. Tundu la milimita 38 katikati ya bonge la sentimita 30 linatosha. Kwa vipimo hivyo mkazo wa kuvuta kwenye ukuta wa tundu unakaribia kulingana na shinikizo la ndani, kwa hiyo graniti ya MPa 10 itaanza kupasuka shinikizo likifika hapo hapo 10, na unga mzuri unapita MPa 30 ukiachiwa muda.

Shinikizo hilo usilikisie. Jaza unga uleule kwenye bomba la chuma lenye kipenyo cha ndani cha milimita 38 na ukuta wa milimita 5, lililobandikwa streni geji mbili kwa nje kufuata mzunguko. Mikrostreni 500 hivi, yaani bomba kutanuka kwa sehemu 500 kwa milioni, ni sawa na MPa 30. Weka bomba hilo kando ya bonge, kwenye joto lilelile, na utakuwa na saa ya shinikizo inayokwenda sambamba na nyufa.

Joto ndilo adui. Unga huuzwa kwa daraja za joto, na wa nchi baridi ukitumika Dar es Salaam mwezi wa Januari unachemka kabla ya kushika. Maji ndani yake yanageuka mvuke na unga unaruka kutoka tunduni kama risasi, ukiwa moto na wenye chokaa kali. Jicho likipata chokaa hiyo linaweza kupofuka. Tundu lisizidi milimita 50, maji yawe ya baridi, bonge likae kivulini, miwani ya kufunika macho ivaliwe na kila aliye chumbani, na asitokee mtu wa kuinama kuchungulia tundu baada ya kulijaza. Kamera ndiyo ichungulie.

Jiwe lipi liwekwe chini ya mzigo

Akriliki angavu inavutia kwa sababu nyufa zinaonekana zikikimbia ndani yake. Lakini uimara wake wa kuvutwa ni zaidi ya nusu ya ule wa kugandamizwa, wakati kwenye jiwe ni sehemu moja ya kumi au ya ishirini. Inafundisha umbo la wimbi vizuri. Urefu wa nyufa zake usiupeleke kwenye machimbo. Ikishatobolewa ipashwe moto wa nyuzi 80 kwa saa kadhaa na kupoozwa polepole, la sivyo mkazo ulioachwa na keekee utaanzisha nyufa zake wenyewe.

Bonge la saruji na mchanga ni rahisi, linafanana kote, na sensa zinaweza kuzikwa ndani wakati wa kumimina. Mchanga uchekechwe, mapovu yatolewe kwa mtetemo, na bonge lilale kwenye maji siku 28. Likikauka haraka litakuwa na nyufa kabla ya jaribio.

Graniti ndiyo jiwe lenyewe, na ina tabia ambayo mchonga mawe anaijua kuliko mwanafunzi: ina upande inaokubali kupasukia. Graniti ya Barre ya Vermont, Marekani, inajulikana sana kwa hilo. Weka alama ya mwelekeo kwenye bonge kabla halijatoka machimboni, maana likishakatwa huwezi kuukumbuka. Mawe makubwa ya Mwanza yana gamba la nje lililoliwa na mvua na jua. Sampuli ichimbwe ndani zaidi. Jiwe la matumbawe la pwani liache kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa matundu yake yanalimeza wimbi.

Ukubwa wa bonge, mahali kazi nyingi zinapoharibikia

Rudi kwenye bonge la graniti la sentimita 30 lenye tundu katikati. Wimbi linafika usoni kwa mikrosekunde 30. Ufa ukienda mita 1,000 kwa sekunde, wimbi linaporudi kutoka usoni linaukuta kwenye mikrosekunde ya 50, ukiwa na urefu wa sentimita 5 tu. Kuanzia hapo ufa hauendeshwi na tundu peke yake. Unavutwa pia na mwangwi wa bonge lako. Anayeandika kwamba nyufa zilifika sentimita 15 amepima ukubwa wa sampuli.

Bonge kubwa zaidi linasaidia, lakini ni zito na ghali. Njia ya pili ni kulizungushia zege. Wimbi linalotoka kwenye graniti kuingia hewani linarudi karibu lote. Likiingia kwenye maji linarudi kwa asilimia 80 hivi. Likiingia kwenye zege nzuri iliyoshikamana na jiwe, linarudi kwa asilimia 16 hivi tu. Neno kuu ni kushikamana: nafasi ya hewa nyembamba kama karatasi kati ya zege na jiwe inakurudisha mwanzo. Uso wa jiwe uoshwe vumbi na ulowanishwe kabla ya kumimina.

Kuona kilichotokea

Kamera ya picha 100,000 kwa sekunde inapiga moja kila mikrosekunde 10. Katika muda huo ufa unasogea sentimita 1, na wimbi sentimita 5. Kwa hiyo kamera hiyo inafuata ufa kwa shida na wimbi haipati. Wimbi liachie streni geji, zisomwe angalau mara milioni 1 kwa sekunde, na milioni 10 ni bora zaidi. Geji iwe ndefu mara kumi ya punje za jiwe, vinginevyo inapima punje moja ya kwatzi. Isizidi hapo sana, kwa sababu geji ya milimita 10 inachukua mikrosekunde 2 kuvukwa na wimbi na inalainisha kilele chake.

Baada ya jaribio usilifungue bonge kwa nyundo. Lifunge kwa mikanda, mimina gundi nyembamba ya epoksi yenye rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, acha igande, kisha likate kwa msumeno wa almasi katika sehemu tatu: juu, katikati na chini. Chora miduara kwenye kila uso kwa umbali wa mara 2, 5 na 10 ya nusu kipenyo cha tundu, na uhesabu nyufa zinazoukata kila mduara. Uso wa juu utakuwa na nyufa nyingi za ubapa zilizoletwa na mwangwi wa mdomo wa tundu. Hizo ziandikwe peke yake. Hesabu ya katikati ndiyo ya kulinganisha njia moja na nyingine.